Kubeba Betri za Akiba za Kamera, Ukumbini na Mlimani

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kupiga picha za harusi hapa Moshi, niliingia kanisani siku moja nikiwa na betri nne, nikiamini kwamba nimejitosheleza. Ya kwanza ilizimika padri alipokuwa akibariki pete. Niliyoichomoa mfukoni kushika nafasi yake ilikuwa tupu, kwa sababu ndiyo niliyoitumia kwenye sendofu siku mbili kabla na kuirudisha begini pamoja na zile nzima. Ya tatu nayo ilikuwa vivyo hivyo. Nilipoifikia ya nne, maharusi walikuwa wamekwisha kuvishana pete, na albamu ya familia ile hadi leo inaruka kutoka mahubiri hadi kutia saini. Betri nne zilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua ipi kati yake ina chaji.

Maelekezo haya yanamhusu mtu mwenye kamera ya dijitali inayotumia betri ya lithiamu-ioni ya kuchomolewa, awe anafanya kazi ukumbini mjini au anapanda Mlima Kilimanjaro, ambako atakaa siku sita au saba bila soketi ya ukutani na ambako baridi ya usiku wa kilele huzima kamera nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ninaandika kwa kuwa nimefanya kazi mahali pote pawili, na kwa kuwa huniumiza kumwona mtu aliyelipa gharama kubwa kufika juu akishuka bila picha kwa sababu ya kitu chenye uzito wa gramu chache.

Kujua idadi unayohitaji

Watengenezaji hutangaza idadi ya picha ambazo betri moja inaweza kupiga, na idadi hiyo hupimwa kwa utaratibu wa CIPA, ambacho ni chama cha watengenezaji wa kamera nchini Japani. Namba hiyo ni ya kulinganishia tu, nayo hubadilika sana kulingana na namna unavyoitumia kamera. Chukua mfano wa Canon EOS 250D, inayotumia betri aina ya LP-E17. Ukichungulia kwenye tundu la jicho, betri moja imekadiriwa kupiga takriban picha 1,070. Ukipiga kwa kutazama skrini ya nyuma, kamera ileile na betri ileile hukadiriwa picha 320. Tofauti hiyo, ambayo ni zaidi ya mara tatu, inatokana na skrini na kihisi cha picha kubaki vimewaka muda wote. Kamera zisizo na kioo cha ndani, zinazoitwa mirrorless, ziko katika hali hiyo daima, kwa sababu hata tundu lake la jicho ni skrini ndogo. Ndiyo maana mtu aliyehama kutoka kamera ya DSLR, yaani ile yenye kioo hicho, iliyokuwa ikimaliza harusi nzima kwa betri moja hushangaa anapohitaji tatu au nne.

Kwa hiyo usihesabu kwa karatasi ya mtengenezaji peke yake. Siku ya kazi ya kawaida, andika umepiga picha ngapi na dakika ngapi za video kabla ya betri kuisha, ufanye hivyo mara mbili au tatu, kisha uitumie namba yako mwenyewe. Kwenye sherehe, ambako picha hupigwa kwa mfululizo, unaweza kuzidi kadirio la kiwandani. Safarini, ambako kamera huwashwa, hutazamwa, huzimwa, na picha za jana huonyeshwa kwa wenzako jioni, unaweza kupata pungufu. Video ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote, na mwenye kurekodi hotuba zote za ukumbini anapaswa kuzihesabu betri zake kwa saa na kuachana na hesabu ya picha.

Mimi kwenye harusi hubeba idadi ninayotarajia kuitumia na kuongeza moja ambayo sitarajii kuigusa. Kwa mlimani ninaanza na mahitaji ya siku zote bila kuchaji, kisha ninahesabu kwamba usiku wa kilele kila betri itatoa nusu tu ya kazi yake. Kwa kamera isiyo na kioo na mtu anayepiga picha 150 hivi kwa siku, hesabu hiyo huishia kwenye betri tano au sita.

Kununua, na kujaribu kabla ya kuziamini

Betri ya kampuni iliyotengeneza kamera ni ghali, na betri za kampuni nyingine zinazojulikana hufanya kazi vizuri kwa watu wengi. Ninachokikataa ni betri bandia, yaani ile inayojifanya kuwa ya kampuni ya kamera wakati sivyo. Niliwahi kuuziwa mbili za namna hiyo na duka ambalo sitalitaja. Maandishi yake yalikuwa yamefifia pembeni, zilikuwa nyepesi kuliko ya asili, na bei yake ilikuwa theluthi ya bei ya kawaida. Ujazo mkubwa mno ulioandikwa kwenye betri ya umbo lilelile nao ni dalili. Kama ya asili ina mAh 1,040 (miliampia-saa, kipimo cha ujazo huo) na ile ya bei nafuu inadai mara mbili yake, huo ni uongo.

Ziko namna rahisi za kupata ukweli nyumbani. Chaji betri mpya hadi ijae, iweke kwenye kamera, anza kurekodi video ya ukuta, na uirudie kila kamera inapokata kurekodi, hadi betri iishe kabisa. Andika muda. Fanya vivyo hivyo kwa betri ya asili unayoiamini, kisha linganisha. Betri iliyotoa nusu ya muda wa mwenzake ni ya mazoezi nyumbani na haifai kubebwa kuwa akiba. Kumbuka pia kwamba programu ya kamera ikisasishwa, baadhi ya betri zisizo za kampuni hukataliwa. Usisasishe programu hiyo wiki ya safari bila kuzijaribu betri zako zote upya.

Kamera kadhaa zenyewe husema hali ya betri iliyomo. Nikon kadhaa huonyesha umri wa betri kwa ngazi kutoka 0, ambayo ni mpya, hadi 4, ambayo inapaswa kubadilishwa, na Canon kadhaa huonyesha uwezo wa kupokea chaji kwa alama tatu za rangi. Ukurasa huo umo kwenye menyu, na watu wengi hawajawahi kuufungua.

Alama na utaratibu wa mifuko

Sehemu hii ndiyo ingeniokoa siku ile kanisani, na haihitaji fedha. Bandika kipande cha plasta ya kitambaa kwenye kila betri, uandike namba yake na mwezi ulioinunua kwa kalamu ya wino usiofutika, ukiwa mwangalifu plasta isiwe nene kiasi cha kuikwamisha ndani ya kamera. Namba inakuwezesha kuzizungusha betri kwa zamu, ili moja isichakae huku nyingine ikilala mwaka mzima, na pia inakufichulia mapema ile inayoanza kudhoofu: ukiona kwamba namba 3 ndiyo inayokwisha kwanza kila safari, umeshapata jibu.

Baada ya namba, tenga mahali pa betri nzima na mahali pa iliyotumika, na usivunje utaratibu huo hata ukiwa na haraka namna gani. Mimi huweka zilizojaa mfuko wa kulia na zilizokwisha mfuko wa kushoto. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, kama tulivyofundishwa tangu utotoni, na kamera nayo inalishwa kutoka kulia. Kwa kumbukumbu hiyo sijakosea hata gizani. Anayetumia kikasha kimoja anaweza kugeuza betri: vile vichuma vidogo vinavyogusana na kamera vikitazama chini, betri imejaa, vikitazama juu, imetumika. Vifuniko vya baadhi ya betri za Canon vimetobolewa tundu, na kikigeuzwa upande mmoja rangi ya buluu huonekana na upande mwingine haionekani. Watu huvitupa wakidhani ni takataka za kiwandani, ilhali vilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo.

Chaji betri zote siku mbili kabla ya kazi, usisubiri usiku wa mwisho. Umeme ukikatika jioni ya Ijumaa na harusi ni Jumamosi asubuhi, mwenye chaja moja na betri nne hana la kufanya. Betri ya lithiamu-ioni iliyo nzima hupoteza chaji kidogo sana kwa siku mbili, kwa hiyo hakuna hasara ya kuwahi.

Kuzuia shoti

Betri ya akiba ambayo vichuma vyake viko wazi haipaswi kamwe kukaa mfuko mmoja na funguo, sarafu, kadi za benki au skrubu ya miguu ya kamera. Chuma kikigusa ncha mbili kwa pamoja, umeme wote hutafuta njia hiyo fupi. Betri hupata moto kwa ghafla, na ile ya lithiamu inaweza kuwaka. Tumia kifuniko chake, au kikasha kigumu cha plastiki chenye vyumba. Ukivikosa, bandika soltepu juu ya vichuma.

Watu wengi hupendekeza mifuko midogo ya plastiki. Kwetu ni vyema kuachana nayo, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania ikafanya hivyo tarehe 1 Juni 2019, na haifai kuanza safari kwa maswali mpakani. Fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea mfuko wa kitenge wenye vyumba sita vya upana wa betri zako, uliotiwa bitana ya ndani na kifuniko cha kukunja. Wangu nimeutumia miaka mingi. Ni mwepesi, haupigi kelele, na kila betri ina chumba chake.

Kwa flashi zinazotumia betri za AA nne, ambazo wengi huziita betri za rimoti, sharti ni moja: zile nne ziende pamoja, zichajiwe pamoja na zichakae pamoja. Zifunge kwa mpira, seti kwa seti, wala usichanganye ya zamani na mpya.

Kwenye ndege

Betri za akiba za lithiamu huwekwa kwenye begi la mkononi pekee. Haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu moto ukianza kule hakuna mtu wa kuuona mapema, wakati ndani ya chumba cha abiria wahudumu wanaweza kuushughulikia. Kipimo kinachoangaliwa ni wati-saa, ambayo kwenye betri huandikwa Wh, na kama haipo unaipata kwa kuzidisha volti kwa mAh na kugawanya kwa 1,000. LP-E17 ina volti 7.2 na mAh 1,040, yaani Wh 7.5 hivi. NP-FZ100 ya Sony, yenye volti 7.2 na mAh 2,280, inatoa Wh 16.4. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 kwa kila betri, kwa hiyo betri za kamera za mkononi ziko chini sana ya hapo. Betri kubwa za kamera za video, zilizo kati ya Wh 100 na 160, huhitaji kibali cha shirika la ndege na hazizidi mbili. Zaidi ya 160 hazipandi kabisa.

Jambo linalowanasa wengi ni hili: begi lako la mkononi likionekana kubwa mno mlangoni mwa ndege, na mhudumu akaamua liende tumboni, ni lazima uzitoe betri kwanza na kubaki nazo. Katika ndege ndogo zinazokwenda viwanja vya Serengeti, ambako mizigo hupimwa kwa uangalifu, hali hiyo hutokea mara kwa mara. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na mfuko mmoja wa betri unaochomolewa kwa mkono mmoja, badala ya betri zilizotawanyika kwenye vijifuko saba vya begi.

Pawabenki nayo huhesabiwa kuwa betri ya akiba, na masharti yake yanazidi kukazwa. Emirates, kwa mfano, ambayo abiria wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huipanda wakienda Dubai na kwingineko, imeruhusu pawabenki moja tu kwa abiria tangu tarehe 1 Oktoba 2025, isiyozidi Wh 100, na haiitaki itumike wala ichajiwe ndani ya ndege. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kila safari.

Baridi ya mlimani

Kutoka kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, wapandaji wengi huondoka karibu na saa sita usiku ili wafike kilele cha Uhuru, mita 5,895, alfajiri au asubuhi. Joto njiani hushuka chini ya nyuzi 0 na mara nyingi hupita -10, na upepo ukiongezeka hali huwa mbaya zaidi. Kamera nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40. Mtu hutembea saa sita kamera ikining'inia kifuani, anafika Stella Point, ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru, jua likichomoza, anabonyeza, na kamera inamwambia betri imekwisha, ingawa aliitia jana jioni ikiwa imejaa.

Kwa kawaida betri hiyo bado ina chaji. Ndani yake ioni za lithiamu hupita katika kimiminika kutoka upande mmoja hadi mwingine, na baridi huzifanya ziende polepole, ukinzani wa ndani unapanda, na kamera inapovuta umeme kwa ghafla volti huporomoka. Kamera huisoma volti hiyo ya chini kama betri tupu na kujizima. Ukiipasha joto, sehemu kubwa ya chaji hurudi. Kwa hiyo usiitupe chini ya begi wala usiihesabu kuwa imekufa. Ibadilishe, iweke mwilini, na baada ya nusu saa itakuwa tayari kwa zamu nyingine.

Utaratibu ninaoufuata na kuwashauri wageni ni huu. Usiku wa kambini betri zote hulala ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo, pamoja na simu. Wakati wa kuondoka, kamera huachwa bila betri. Betri tatu hukaa katika mfuko wa ndani wa kifuani, chini ya koti la manyoya na juu ya nguo ya kwanza, zikiwa kwenye mfuko wao wa kitambaa ili jasho lisizifikie. Tukifika mahali pa kupiga picha, ninaingiza betri yenye joto, ninapiga ninachokitaka bila kupitia picha nilizopiga, kisha ninaitoa na kuirudisha kifuani. Jizoeze kubadilisha betri ukiwa umevaa glavu nyepesi ndani ya zile nzito, tena gizani, kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu kule juu vidole hufa ganzi upesi na betri iliyoanguka kwenye changarawe za mteremko ule haipatikani. Usiwakabidhi wapagazi betri zote pamoja na mzigo: mzigo unabaki kambini, na wewe unakwenda kileleni.

Zima kila kitu usichokihitaji: Wi-Fi, kiweka mahali cha GPS, na skrini ya kujiwasha picha inapopigwa. Usizipashe betri juu ya jiko wala kwenye chai, na usiibandike moja kwa moja pakiti ya kemikali ya kupashia mikono, kwani joto kali huiumiza betri kuliko baridi.

Hatari kubwa ya baridi iko kwenye kuchaji. Betri ya lithiamu-ioni iliyo chini ya nyuzi 0 haipaswi kuchajiwa, kwa sababu lithiamu hujitandaza kama chuma juu ya ncha hasi badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayaponi. Ukifika hemani, ipashe kwanza mwilini, halafu ndipo uiunganishe na pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000, ambayo hupimwa kwa volti 3.7, ina Wh 37. Ukiondoa kinachopotea njiani, tarajia theluthi mbili hivi, inayotosha kuijaza betri ya Wh 16 mara moja na nusu. Sahani ya kuchajia kwa jua iliyofungwa mgongoni hunitosha kwa simu tu, kwani mawingu ya Shira na msitu wa Machame hayajali ratiba yangu.

Joto, chumvi na kuhifadhi

Chini kwenye uwanda na pwani adui ni mwingine. Betri iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam au Mombasa huzeeka haraka, na hiyo ni hasara isiyorudi kama ile chaji ya mlimani. Ziweke chini ya kiti, kivulini, ndani ya begi. Zanzibar na Lamu, ambako hewa ina chumvi, futa vichuma kila jioni kwa kitambaa kikavu, na vikipata ukungu vifute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, kisha uviache vikauke kabla ya kuchaji.

Ukirudi na usipotarajia kupiga picha kwa mwezi au zaidi, usizihifadhi betri zikiwa zimejaa wala tupu. Chaji ya karibu nusu, mahali pakavu na pasipo joto, nje ya kamera, ndiyo hali inayozitunza. Zikague kila baada ya miezi mitatu hivi.

Betri iliyovimba, hata kidogo tu kiasi cha kukwama inapotoka, imekwisha kazi. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, usiichaji hata mara moja. Funika vichuma vyake kwa soltepu, iweke kwenye kopo lenye udongo au mchanga nje ya nyumba, mbali na watoto, na umpelekee fundi au mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliye karibu nawe. Isiingie kwenye taka za nyumbani, kwa sababu mitaa yetu mingi bado huchoma taka jioni, na mtu anayekoroga moto huo hajui kilichomo ndani yake.